Darasani wanaitikia wote, wiki ikipita wamesahau

Shikamoo Mwalimu,

Nafundisha darasa la pili, huu ni mwaka wangu wa sita kazini. Nina watoto 48. Nimechoka, na kinachonichosha zaidi ni kuona ninachofundisha hakikai.

Juzi nilifundisha kutoa kwa kuchukua. Nilikuwa nimejiandaa vizuri. Niliandika 52 − 27 ubaoni, nikaeleza hatua kwa hatua. Nikauliza, "Mbili toa saba, inawezekana?" Wakajibu wote, "Haiwezekaniii!" "Tunaenda kuchukua wapi?" "Kwenye makumiii!" Mfano wa pili, wa tatu, wa nne, darasa lote linaitikia. Mkuu wa shule alipita mlangoni, akasimama kidogo, akatabasamu. Nilitoka mle ndani na furaha tele.

Wiki iliyofuata niliwapa hesabu tano za aina hiyo hiyo. Watoto 31 walikosa zote au karibu zote. Kuna binti anakaa dawati la mbele, ndiye anayeongoza kuitikia, sauti yake inafika darasa la jirani. Naye alikosa zote tano. Nilipomuuliza kulikoni, akaniambia, "Mwalimu, siku ile nilikuwa naelewa." Maneno hayo hayajanitoka kichwani.

Mwezi uliopita nilihudhuria semina. Mwezeshaji alituambia utafiti umethibitisha kwamba kila mtoto ana njia yake ya kujifunza: wapo wa macho, wapo wa masikio, wapo wa mikono, na mwalimu asiyewagawa hivyo anawaumiza. Tangu hapo naandaa zana za aina tatu kwa kila somo. Nalala saa saba usiku, na sioni tofauti. Alisema pia kwamba watoto wa elimu ya awali waachwe wacheze tu, wasifundishwe chochote. Mwenzangu wa darasa la awali amechanganyikiwa, maana wazazi wanamdai madaftari yaliyojaa maandishi. Mkuu wa shule naye anataka nimalize mada, nisirudi nyuma.

Je, ni mimi ndiye sijui kufundisha? Na mtu akisema "utafiti umethibitisha", nitajuaje kama ni kweli?

Mwalimu wa darasa la pili

*

Marahaba, mwalimu mwenzangu.

Kufundisha unajua. Asiyejua hapimi tena somo aliloshalimaliza, na hakosi usingizi kwa neno la mtoto mmoja. Shida iko mahali unapolipimia somo lako. Umelipima kwa yale uliyoyaona ndani ya kipindi, na kipindi kina tabia ya kumdanganya mwalimu mzuri kuliko mbaya, kwa sababu kwa mwalimu mzuri mambo yanaenda vizuri.

Yule binti alikwambia kweli tupu. Siku ile alikuwa anaelewa. Hatua zilikuwa ubaoni, maelezo yako yalikuwa bado yanalia masikioni, mifano minne ilifanana kama mapacha. Hakuwa na haja ya kukumbuka kitu. Mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Bjork, ametumia miaka mingi ya kazi yake kutenganisha mambo haya mawili: anachoweza mwanafunzi wakati anafundishwa, na kinachobaki kwake baadaye. Vinaweza kwenda njia tofauti kabisa.

Nikupe mfano ambao mimi mwenyewe ulinifanya nibadilike. Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor walichapisha utafiti wa wanafunzi wa chuo waliojifunza kutafuta ujazo wa maumbo manne. Kundi moja lilifanya mazoezi ya umbo la kwanza mpaka yakaisha, ndipo likaenda la pili, na kuendelea. Kundi lingine lilipewa mazoezi yale yale yakiwa yamechanganywa. Wakati wa mazoezi, kundi la kwanza lilipata asilimia 89, la pili asilimia 60. Ungepita mlangoni siku ile, kama mkuu wako, ungelitabasamia kundi la kwanza. Wiki moja baadaye wakapewa mtihani. Kundi la kwanza asilimia 20, la pili asilimia 63. Waliohangaika ndio waliobaki nacho.

Turudi kwenye darasa lako, tuanze na kuitikia. Mimi sikukatazi. Kuna mambo yanafaa kusemwa kwa pamoja, na watoto hupenda sauti zao zikichanganyika. Lakini usikitumie kiitikio kama kipimo. Siku moja simama kando, usikilize kwa makini: watoto wachache wanaanza, wengine wanadakia silabi ya mwisho. "…kaniii!" hiyo ndefu ndiyo mahali wengi wanapoingilia. Ukitaka kujua nani anajua, uliza swali, kaa kimya, kila mtoto aandike jibu kwenye kibao au kipande cha karatasi, kisha wanyanyue wote kwa pamoja. Kwa kupitisha macho mara moja utawaona wote 48.

Na hicho kimya kisikutishe. Mary Budd Rowe, aliyechunguza masomo ya sayansi huko Marekani, aliandika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi wakishauliza swali husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumtaja mwingine au kujibu wenyewe. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka, na waliozoea kunyamaza wakaanza kusema. Sekunde tatu mbele ya darasa ni ndefu sana, najua. Hesabu kimoyomoyo.

Sasa chukua zile karatasi za watoto 31 waliokosa. Usitazame idadi ya makosa, tazama walichoandika. Kama 52 − 27 ilikuwemo, nina hakika wengi wameandika 35. Mtoto mdogo anayetoa hakosei ovyo ovyo. John Seely Brown na Richard Burton walilionyesha hilo mwaka 1978 kwa kuchambua majibu ya watoto kwenye hesabu za kutoa: makosa mengi ni kanuni kamili, anayoifuata mtoto kwa uaminifu, isipokuwa ni kanuni isiyo sahihi.

Hapa lazima nikuoneshe kitu kuhusu ile hesabu yako. Mtoto anayetoa namba ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu, atafanya 7 toa 2, apate 5. 5 toa 2, apate 3. Jibu 35. Mtoto mwingine amechukua kumi vizuri kabisa, akapata 12 toa 7, yaani 5, ila akasahau kwamba makumi yamepungua: 5 toa 2, tatu. Jibu 35. Watoto wawili wana matatizo mawili tofauti na jibu moja, nawe huwezi kuwatenganisha. Andika badala yake 54 − 26. Wa kwanza ataleta 32, wa pili ataleta 38, aliyeelewa ataleta 28. Kwa hesabu moja kwenye kibao, kabla hujamaliza kuzunguka darasani, unajua nani umsaidie nini. Kuchagua namba kwa makusudi namna hii kunachukua dakika mbili za andalio la somo, na kunashinda zana zote zinazokukesha mpaka saa saba.

Wa 32 na wa 38 wote wanahitaji kuona kumi likifunguliwa. Vijiti vinatosha. Mafungu matano ya kumi kumi, na vijiti vinne peke yake. Mwambie atoe sita kwenye vile vinne. Hawezi, hapo wa 32 anakutana na tatizo ambalo kwenye karatasi alilikwepa. Afungue fungu moja yeye mwenyewe, kwa vidole vyake, avihesabu: sasa ni kumi na vinne. Muulize, "Mafungu yamebaki mangapi?" Wa 38 atatazama mezani, aone manne. Kisha, hapo hapo, aandike alichokifanya: afute 5, aandike 4. Usiache hatua ya vijiti ikae leo na hatua ya maandishi ije wiki ijayo, maana zikitengana mtoto huziona kama mambo mawili yasiyohusiana.

Baada ya hapo ndipo kazi ya kufanya kitu kikae inapoanza. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aliona kumbukumbu inaporomoka kwa kasi mwanzoni, kisha mwendo wa kusahau unapungua, na kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa yanafaa kuliko kurundika siku moja. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo habari ya kusoma. Kundi moja liliisoma tena na tena. Kundi lingine liliisoma, kisha mara tatu likatakiwa kuandika linachokikumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele, asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki, waliojikumbusha walibaki na asilimia 61, wenzao 40. Hao ni watu wazima, lakini kujikumbusha kumejaribiwa pia kwa watoto wa shule kwenye masomo ya kawaida na kukawasaidia.

Kwako wewe hii iwe dakika tano za kwanza za kila kipindi cha hesabu. Maswali matatu ubaoni: moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Madaftari yafungwe. Hakuna maksi, hakuna kumsimamisha mtu. Wakishaandika, mnajibu pamoja, na aliyekosa anajisahihisha mwenyewe. Usisubiri wote wajue ndipo uende mada mpya, na usiache mada ya zamani ife. Kutoa kutarudi kama swali moja dogo kila baada ya siku chache, kukiwa kumechanganywa na kujumlisha, ili mtoto aamue kwanza ni hesabu ya aina gani. Wiki mbili za mwanzo utaona makosa mengi, na moyo utataka kurudi kwenye kiitikio. Vumilia.

Ila chunga jambo moja. Usimwulize mtoto akumbuke kitu ambacho hakijawahi kuingia. Kujikumbusha ni kwa aliyekwisha kuelewa angalau mara moja. Kwa kitu kipya, toa mifano iliyokamilika, hatua zote zikionekana, kisha mfano ambao hatua ya mwisho anaimalizia yeye, kisha mbili, mpaka abaki peke yake. Akili ya mtoto inashika mambo machache kwa wakati mmoja. Ukimwachia agundue kila kitu mwenyewe siku ya kwanza, nguvu yote inaishia kwenye kupapasa.

Kuhusu kusahihisha nitasema kidogo tu. Mwaka 1988 Ruth Butler alilinganisha wanafunzi waliopewa alama peke yake, waliopewa maoni peke yake, na waliopewa vyote viwili. Waliofaidika ni wa maoni peke yake. Alama ikiwepo, mtoto haoni kingine. Kwa watoto 48 huwezi kuandika maoni kila siku, wala sikuombi. Yule wa 38 andikia maneno matano tu: "Makumi yamebaki mangapi? Jaribu tena." Umpe na muda wa kujaribu pale pale darasani, vinginevyo maandishi yako ni wino tu.

Sasa lile la macho, masikio na mikono. Acha. Leo usiku lala mapema.

Najua ni jambo linalosemwa kwa nia njema, na wengi wetu tulilipokea kwa sababu lilionekana kumheshimu kila mtoto. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu walipitia tafiti zilizokuwepo wakitafuta ushahidi kwamba mtoto "wa macho" hujifunza vizuri zaidi akifundishwa kwa macho, na "wa masikio" kwa masikio. Hawakuona ushahidi wa kutosha kuhalalisha kuwagawa wanafunzi hivyo. Watoto wanatofautiana, tena sana: anayejua makumi na asiyejua, anayeona ubao na asiyeuona vizuri, anayeielewa lugha ya kufundishia na anayebahatisha. Tofauti hizo ndizo za kuhangaikia. Na namna ya kuonesha inachaguliwa na somo lenyewe. Sauti ya herufi inataka sikio kwa watoto wote, umbo la pembetatu linataka jicho kwa wote, na kufungua kumi kunataka vidole kwa wote 48.

Unauliza utajuaje. Mtu akikwambia utafiti umethibitisha, mwulize kwa heshima: walilinganisha na nini? Kama watoto walipewa mbinu mpya na wakaongezeka ujuzi, hilo halitoshi, maana watoto huongezeka hata bila mbinu hiyo. Lazima pawe na wengine waliofundishwa kwa njia nyingine. Walipima lini, siku ile ile au baada ya wiki kadhaa? Walipima nini, ujuzi wa watoto au furaha ya walimu waliojaza fomu mwisho wa semina? Ni utafiti mmoja, au wengine wamerudia wakaona hivyo hivyo? Na walikuwa watoto wa umri gani? Mwezeshaji anayeijua kazi yake atafurahi kuulizwa. Kisha jaribu mwenyewe, kwa mada moja, na upime baada ya wiki. Ulishafanya hivyo bila kujua, ndiyo maana una barua ya kuniandikia.

Nimalizie na mwenzako wa awali, kwani yeye anavutwa pande mbili na zote zinamkosea. Mchezo ni kazi ya mtoto mdogo, hilo ni kweli. Lakini kumwacha acheze peke yake siku nzima huku mtu mzima amekaa pembeni ni kumnyima nusu ya faida. Na kumjazia daftari safu za "a a a a" ni kuuchosha mkono ambao bado haujakomaa, huku masikio na mdomo vikikaa bure.

Kuna njia ya katikati yenye ushahidi mzuri. Mwaka 2008 Geetha Ramani na Robert Siegler walicheza na watoto wa umri wa awali kutoka familia zenye kipato kidogo mchezo wa visanduku kumi vilivyopangwa mstari mmoja, vikiwa na namba 1 mpaka 10. Vipindi vinne vya dakika 15 au zaidi kidogo, ndani ya wiki mbili. Watoto hao waliimarika katika kuhesabu, kutambua namba na kujua ipi kubwa, na faida ilikuwepo bado wiki tisa baadaye. Wenzao waliocheza mchezo kama huo wenye rangi badala ya namba hawakuipata. Siri iko kwenye kusogeza. Mtoto aliye kwenye 5 akipata mbili, hasemi "moja, mbili". Anasema "sita, saba", kidole kikigusa visanduku. Kwake ni mchezo, na mtu mzima aliyekaa naye ndiye anayehakikisha namba zinatajwa hivyo.

Kusoma hadithi nako ni hivyo hivyo. Grover Whitehurst na wenzake waliwafundisha wazazi, katika utafiti wa mwaka 1988, wasisome tu huku mtoto akisikiliza, bali wamwulize, wamwache aseme, kisha warefushe alichosema. Baada ya mwezi mmoja watoto wao walikuwa wanajieleza vizuri kuliko wale waliosomewa kwa njia ya kawaida. Mtoto anaonesha picha, anasema, "Paka." Mwalimu anasema, "Ndiyo, paka amejificha chini ya meza. Unadhani anamwogopa nani?" Kisha anasubiri. Siku ya pili kitabu ni kile kile, na sasa mtoto ndiye anayesimulia.

Wazazi wanaodai madaftari yaliyojaa wasilaumiwe. Wanataka kuona kitu kwa macho. Mwenzako awaite, mtoto acheze ule mchezo wa visanduku mbele yao, asimulie kitabu, ataje maneno matatu yanayoanza na sauti "m". Mzazi aliyemsikia mwanawe akisimulia hadithi nzima haulizi tena kurasa.

Mkuu wako ni mgumu zaidi, na sitakudanganya kwamba utamgeuza kwa mazungumzo. Ana shinikizo lake la mada. Usimwendee na nadharia. Mwombe dakika tano za mwanzo wa kipindi kwa muda wa mwezi mmoja, uendelee na mada zako kama kawaida. Weka pembeni zile karatasi za watoto 31. Mwisho wa mwezi wape tena hesabu tano za kutoa, bila kuwatangazia na bila kuwarudishia somo siku hiyo, kisha mpelekee marundo mawili mezani kwake.

Kesho asubuhi, kabla ya yote, mwite yule binti wa dawati la mbele. Usimwandikie ubaoni. Mpe mafungu matano na vijiti vinne, umwombe atoe 26, ukae kimya utazame mikono yake. Akikwama, mwulize angependa kufanya nini, na usubiri zile sekunde tatu. Uniandikie alichokifanya. Ningependa sana kujua kama ni wa 32 au wa 38.